Land Rover Series III au Land Cruiser ya 40: kuchagua gari kuukuu lililofufuliwa, Arusha na Moshi

Gari la aina hii likitolewa gereji pale Unga Limited likiwa na rangi mbichi, macho yote huenda kwenye mng'aro, na rangi ndiyo kazi rahisi kuliko zote zilizofanyika. Gharama imejificha chini yake, na hapo ndipo magari haya mawili yanapoachana. Land Rover huugulia chesisi na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Land Cruiser huugulia bodi. Injini za yote mawili zinatengenezeka hapa Arusha na Moshi, kwa hiyo anayeanza kuchagua kwa kusikiliza injini ameanza na jambo la tatu.

Kwanza tuelewane ni magari gani. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Utaitambua kwa grili ya plastiki, taa zilizokaa kwenye madigadi na dashibodi iliyo mbele ya dereva. Ndugu yake aliyemtangulia, Series IIA, saa zake ziko katikati. Kuna fupi, inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, na ndefu, inchi 109. Land Cruiser ya 40 ilianza 1960 na Toyota wakaifunga Japani 1984. Herufi zinataja injini: FJ ni petroli ya silinda sita, BJ dizeli ya silinda nne, HJ dizeli ya silinda sita. Tarakimu zinataja umbo: 40 na 42 ni fupi, 43 ya kati, 45 na 47 ndefu. Asikuuzie mtu ya 70, iliyokuja baadaye, kwa jina la 40. Mikonga, Land Cruiser za kazi zinazopishana kila siku barabara ya Makuyuni, ni ya 70, gari zuri sana la kazi, lakini mkusanyaji wa magari ya kale haitazami kwa jicho lile lile.

Sumaku, bisibisi, nyundo

Nenda na sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa chembamba isichubue rangi, bisibisi bapa, tochi, nyundo ndogo na kipande cha turubai cha kulalia. Muuzaji akikataa usilale chini ya gari, umeshajibiwa.

Kwenye Land Rover, madigadi na ubavu ni aloi ya aluminiamu, kwa hiyo sumaku haishiki. Mikanda ya mabati iliyo juu ya ubavu wa nyuma hushika, hiyo ni kawaida. Ikishika kwenye digadi, basi kuna bati la chuma limewekwa mahali pa aluminiamu. Sasa ipeleke kwenye ukuta wa injini, ambao wote ni chuma na unatakiwa kushika kila mahali. Funua mpira wa sakafu, angalia mabakuli ya miguu, ya dereva na ya abiria. Hapo tope hukaa kati ya bakuli na mkono wa chesisi ulio chini yake, halikauki, na kutu hula kutoka chini kwenda juu. Rangi ya juu inaweza kuwa safi kabisa na bisibisi ikazama kama kwenye papai. Kubadilisha mabakuli mawili si kazi kubwa: unakata, unachomelea mapya, unapaka. Kazi kubwa ni nguzo za mlango na kona za juu chini ya kioo, kwa sababu bawaba za mlango na fremu ya kioo hutegemea hapo. Kona zikioza, milango haifungi sawa hata uirekebishe mara ngapi. Tazama nafasi kati ya mlango na ukuta: ikiwa juu ni nyembamba na chini ni pana, au kinyume chake, ukuta umechomelewa ukiwa umepinda.

Kutoa ukuta mzima maana yake kutoa madigadi, waya zote, usukani, pedali na dashibodi. Fundi anayejua huweka alama kila waya kabla ya kuchomoa. Asiyejua hukurudishia gari ambalo ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inakonyeza.

Chesisi ya Land Rover ni boksi la mabati ya chuma yaliyochomelewa pamoja, na huoza kutokea ndani. Tope la njia za Mto wa Mbu na Engare Sero likiingia kwenye matundu hubaki humo hadi masika mengine. Pita na nyundo polepole, ukigonga kidogo kidogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti fupi iliyokufa. Gonga boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi, vishikio vya springi, na sehemu iliyo nyuma tu ya ekseli ya mbele. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri hakina ubaya. Kiraka juu ya kiraka ni chesisi ya kubadilisha. Faraja ni kwamba chesisi mpya zilizochovywa zinki bado zinatengenezwa Uingereza, na gari zima linaweza kufunguliwa kwa spana na kuhamishiwa juu yake. Uzuri huo wa kufungika na kufunguka ndio hasa unaoifanya Land Rover ivumilike.

Kitu kingine cha kuangalia ni unga mweupe pale aluminiamu inapokutana na chuma: chini ya milango, kwenye bolti za ubavu, pembezoni mwa sakafu. Metali mbili zikigusana kukiwa na unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Aliyefufua vizuri ameweka mpira au utepe kati yake na ametumia bolti zilizopakwa zinki. Rangi nayo lazima ianze na praima inayouma aluminiamu. Praima ya kawaida ya chuma ikitumika, rangi hubanduka kama ganda la kitunguu, na kokoto za barabarani huanza kuibandua ndani ya miezi michache.

Mafundi wengi hunyunyizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Kwenye chuma husaidia kidogo. Kwenye bushi za mpira ni sumu, zinavimba na kupasuka. Nta ya kupulizia ndani ya chesisi ndiyo dawa.

Sasa Land Cruiser. Chesisi yake ni nene na kwa hali ya hewa ya huku mara nyingi huwa nzima. Bodi ni chuma, kwa hiyo sumaku inatakiwa kushika kila mahali isipokuwa paa la hadtopu (ile yenye paa gumu), ambalo ni faiba. Usishtuke likikataa. Pitisha sumaku nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwenye kizingiti cha chini cha milango ya nyuma, kona za chini za fremu ya kioo cha mbele, na mfereji wa maji unaozunguka paa. Pale inaposhika kwa unyonge pana puti, lipu ya kusawazishia bati. Puti ya unene wa ukucha ni kawaida kwa kazi ya bodi. Puti inayoiacha sumaku ianguke imeziba tundu, na itapasuka gari likianza kutikisika kwenye makorongo.

Sababu ya kuoza ni mabati mawili yaliyokutanishwa yakiwa hayakupakwa kitu ndani, na vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na vumbi. Tiba yake si ya spana. Inabidi kukata, kukunja bati jipya la unene ule ule, na kuchomelea kwa mashine ya waya vipande vifupi vifupi, ukihama kutoka upande hadi upande ili bati lipoe. Fundi akichomelea kwa gesi mstari mmoja mrefu, bati hukunjamana, halafu anaficha mawimbi kwa puti, na mmerudi mlikotoka. Kwa hiyo ukikuta Land Cruiser yenye bodi iliyotibiwa kweli, unanunua mikono ya fundi kuliko spea, na ndiyo maana bei yake haishuki.

Zile zinazoletwa kutoka Japani zina mtihani wao. Usukani uko kulia kama wetu, lakini zilizokaa maeneo ya theluji zimepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi, na huko hata chesisi huoza. BJ nyingi za Japani pia zina umeme wa volti 24, betri mbili. Fundi umeme anayetaka kufunga redio au chaji ya simu huchukua volti 12 kwenye betri moja. Betri hiyo huishiwa, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Kuna kifaa cha kushusha volti. Ukikikuta kimefungwa, ujue gari limepita kwa mtu mwangalifu.

Injini, na hewa ya Arusha

Arusha mjini ni mita kama 1,400 juu ya bahari. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari lililosifiwa Tanga litachoka Ngaramtoni bila kuwa na kosa. Hewa ikiwa nyepesi na jeti, kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ikabaki ile ile, mchanganyiko unazidi petroli, plagi zinakuwa nyeusi. Fungua plagi moja: kahawia nyepesi ni sawa, masizi makavu ni jeti kubwa, oili yenye unyevu ni ringi au sili za valvu. Mjini Moshi, ulio chini kwa mita mia tano na zaidi, tofauti hupungua lakini joto huongezeka.

Petroli ya Land Rover ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, nguvu za farasi kama 70. Haina haraka, na mwendo wake wa raha barabara ya Arusha hadi Moshi ni kilomita 75 kwa saa, malori yakikupita pale Usa River. Kuanzia 1980 kranki yake ina beringi tano badala ya tatu. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua ya tano. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25 zote, za kuingiza na za kutolea. Petroli yenye risasi ilishaondoka sokoni Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, na injini iliyobuniwa enzi zake huweza kula viti vya valvu. Dalili ni nafasi ya valvu kupungua, si kuongezeka, kwa hiyo pima kila kilomita 5,000. Valvu isiyofunga sawa huungua. Kabureta ya asili ya Zenith hupinda kifuniko chake na kuvuta hewa, gari likawa linatetemeka likiwa limesimama. Wengi hufunga kabureta ya Weber. Hutembea vizuri, lakini mkusanyaji atakuuliza ya asili iko wapi, kwa hiyo idai pamoja na gari. Dizeli ya Land Rover ya wakati ule ina farasi 62, na mlima wa Marangu utakupa muda wa kuhesabu migomba. Tunaishauri kwa mwenye subira tu.

Chini ya mahali injini inapoungana na gia boksi, Land Rover ina kitundu cha kutolea oili. Tone likining'inia hapo lichukue kwenye kidole. Jepesi na jeusi ni oili ya injini, sili ya nyuma ya kranki. Zito lenye harufu kali ya kiberiti ni oili ya gia. Bei za kazi hizo mbili hazifanani, na muuzaji mara nyingi hajui ni ipi.

Land Cruiser ya petroli ya kuanzia 1975 ina injini ya 2F, lita 4.2, farasi 135 kwa hesabu ya kiwandani. Haina mkanda wala mnyororo wa taimingi, ina gia tupu. Valvu za kuingiza ni milimita 0.20 na za kutolea 0.35, zikipimwa injini ikiwa moto. Inapanda Kibosho kwa gia ya tatu bila kulalamika, na inakunywa lita moja kwa kilomita tano hivi. Land Rover hufika sita. Tatizo la 2F kwa mji wa Moshi ni joto: kabureta imekaa juu ya bomba la moshi, na ukizima Februari mchana kwa dakika kumi, petroli huchemka humo na gari likagoma kuwaka. Mara nyingi ni bati la kukinga joto lililotupwa wakati wa kufufua kwa sababu halikuonekana na kazi. Liulizie.

Ya dizeli, B ya lita 3.0 au 3B ya lita 3.4, ndiyo tunayoipa alama za juu kwa matumizi. Huenda kilomita nane hadi tisa kwa lita, na spea za 3B zipo kwa sababu injini hiyo ilifungwa pia kwenye ya 70 za mwanzo. Ukizima swichi injini ikaendelea kunguruma, tatizo kwa kawaida ni mota ndogo inayovuta mkono wa pampu kuzima, au fimbo yake imechomoka. Ikiwa mizunguko inapanda na kushuka yenyewe na moshi mweusi unatoka, shuku kiwambo cha ngozi cha pampu kimetoboka. Hilo la pili lina nafuu kuliko linavyotisha.

Jihadhari na moyo wa kupandikizwa. Ya 40 nyingi zimefungwa 1HZ, dizeli ya Toyota ya baadaye, na Land Rover nyingi zimefungwa injini za Defender au za Toyota. Kwa safari ya Longido ni heri. Kwa mkusanyaji, hasa wa Marekani ambako FJ40 inasakwa sana, thamani imekatwa.

Ekseli na gia

Panda mlima, kisha shuka kwa gia ya tatu ukiwa umeachia mafuta kabisa. Kwenye Land Rover gia ikiruka yenyewe, gia boksi inafunguliwa, na hilo ni la kupunguza bei papo hapo. Vuta kifimbo chekundu ukiwa umesimama uingie gia nzito. Ekseli ya mbele inajiunga yenyewe. Kile cha njano hubonyezwa kuunga mbele ukiwa kwenye gia za kawaida. Dereva asiyejua tofauti ameshakaanga kitu.

Shafti za nyuma za Land Rover fupi zina meno kumi tu upande wa difu (gia zilizo katikati ya ekseli), na hukatika hapo dereva akiachia klachi ghafla kwenye tope la mbuga. Uzuri ni kwamba unafungua bolti sita za kitovu na kuichomoa gurudumu likiwa chini. Kipande kilichobaki ndani ndicho cha kuvua. Ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu, kwa hiyo spea ni jozi. Ndefu ya 109 yenye difu ya Salisbury nyuma haina ugonjwa huo. Inachukua lita 2.5 za oili ya gia ya EP90, ile ya kawaida lita 1.75.

Mbele, angalia matufe ya chuma yanayogeuzia magurudumu. La Land Rover limepakwa kromu na hushika nusu lita ya oili. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye vishimo, sili mpya itachanwa ndani ya mwezi. La Land Cruiser hujazwa grisi. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huingia na grisi inakuwa mchuzi unaochuruzika kwenye tairi. Zungusha usukani hadi mwisho na kuzunguka uwanjani polepole. Tak-tak-tak ni jointi ya shafti imekwisha.

Breki kwa ufupi: Land Rover ni dramu zote nne, Land Cruiser tangu katikati ya miaka ya sabini ina diski mbele. Ukivuka mto, dramu hujaa maji, kandamiza breki kidogo kidogo mita mia mbili zikauke. Land Rover iliyotolewa hewa mara tatu na pedali bado ni sponji, kaza kwanza shuu zote zigande kwenye dramu, ndipo utoe hewa, kisha uzirudishe.

Spana

Hili hudharauliwa. Land Cruiser ni milimita: 10, 12, 14, 17, 19, seti ambayo kila fundi wa Kilombero anayo. Series III karibu yote ni inchi. Ya 7/16 itafunguka kwa 11, na 1/2 itafunguka kwa 13. Lakini 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza, na hapo ndipo vichwa vya bolti vinapoviringishwa. Ukikuta bolti zimeviringika kwenye propela shafti, gari limepita mikono isiyo na seti ya inchi, na huenda hata zile zisizoonekana ziko hivyo. Bei ya seti nzuri ya inchi iweke kwenye bajeti ya Land Rover.

Ipi kwa nani

Anayetaka gari la kuendesha kila wiki, Moshi hadi Rombo, familia ndani, achukue BJ yenye bodi iliyothibitishwa kwa picha za kazi, tangu bati lililokatwa. Bila picha, mlipe kama gari lililopakwa rangi tu. Anayenunua akifikiria kuuza nje baadaye, FJ40 ya petroli yenye injini yake, rimu zake, jeki yake na rangi ya kiwandani, avumilie petroli. Mwenye banda, seti ya inchi na Jumamosi zisizo na kazi, Series III ya 88 yenye ukuta mzima, hata kama chesisi imechoka, kwa sababu chesisi hununuliwa na ukuta mzuri ni wa kutafuta. Kwa Arusha kuna nyongeza: mji huu umezoea Land Rover, na sili, springi na shuu za breki hazikulazi njiani.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi ya gari. Kwa yote mawili itafute mbele kulia: Land Rover kwenye kishikio cha springi, Land Cruiser ubavuni mwa chesisi. Isugue kwa brashi ya waya na petroli kidogo hadi isomeke. Kwenye Land Rover iliyobadilishiwa chesisi, uliza ile ya zamani ilipokwenda na nani aligonga namba mpya, na barua ya kazi hiyo. Injini ikiwa imebadilishwa, namba yake iwe imeshaingizwa kwenye kadi ya TRA kwa jina la muuzaji, kabla pesa haijahama mkono.